Maswali ya Wasomaji: Sikukuu za Wajerumani na Mgeni Kutoka Pwani

Barua tulizozichagua safari hii zimetoka Tanga, Muheza na Bagamoyo, na zote zinahusu jambo moja: mtu anayekwenda Ujerumani kutembea, wala si kutafuta kazi au kusoma, aone nini na aone lini ili awajue wenyeji katika mila zao. Tumezifupisha kidogo bila kubadili maana.

SWALI: Ndugu Mhariri, Asalaam aleikum. Mimi ni kijana wa Makorora, Tanga. Familia moja ya Kijerumani, ambayo binti yao alikaa nyumbani kwetu akifanya kazi ya kujitolea, imenialika niwatembelee mwakani. Wanaishi Eckernförde. Wameniuliza ningependa kuja mwezi gani na kuona nini. Rafiki zangu wote wananiambia nisikose Oktoberfest, kwa kuwa ndiyo utamaduni wenyewe wa Wajerumani. Mimi ni Mwislamu na situmii kileo. Je, niende huko, au kuna sherehe nyingine za asili zinazonifaa zaidi?

JIBU: Wa aleikum salaam, ndugu yetu. Umeulizwa mapema unataka kuona nini, na hiyo ni bahati ambayo wageni wengi hawaipati, kwa hiyo usiimalize kwa kuomba kile ambacho kila mtu hukiomba.

Oktoberfest ni sherehe ya mji mmoja, München, ulioko katika jimbo la Bavaria kusini kabisa mwa nchi. Wenyeji wako wako kaskazini, ufukoni mwa Bahari ya Baltiki, na kati ya miji hiyo miwili kuna zaidi ya kilomita 800 kwa barabara. Tena Ujerumani iliungana kuwa dola moja mwaka 1871 tu. Kabla ya hapo zilikuwa falme, nchi ndogo za makabaila na miji iliyojitawala yenyewe, kila moja ikiwa na madhehebu yake, mavazi yake na kalenda yake ya sikukuu, na tofauti hizo hazikufutika kwa kutangazwa serikali moja. Mvuvi wa Eckernförde anaweza kuzeeka bila kuvaa kaptura ya ngozi hata siku moja, na ukimwambia kwamba hilo ndilo vazi la jadi la watu wake, atacheka au atanuna.

Simaanishi kwamba Oktoberfest ni ya kudharauliwa. Asili yake ni harusi: tarehe 12 Oktoba 1810 Mwanamfalme Ludwig wa Bavaria alimwoa Therese wa Sachsen-Hildburghausen, na siku chache baadaye yakafanywa mashindano ya farasi katika uwanda nje ya mji, uwanda ambao mpaka leo unaitwa Theresienwiese kwa jina la bibi harusi. Watu waliipenda shughuli ile wakairudia mwaka uliofuata, na kadiri miaka ilivyopita ikasogezwa hadi Septemba kuukimbia ubaridi wa Oktoba. Siku hizi huanza Jumamosi inayofuata tarehe 15 Septemba, meya anapopigilia bomba kwenye pipa la kwanza la bia saa sita mchana, na huhudhuriwa na watu wapatao milioni sita. Kuingia uwanjani ni bure, lakini ndani ya mahema asiye na kiti kwa kawaida hahudumiwi, na viti vingi huwa vimekwisha kuwekwa miezi mingi kabla. Bia inayoruhusiwa ni ya viwanda sita vya München peke yake, nayo huuzwa kwa kikombe cha lita moja ambacho mwaka 2025 bei yake ilipita euro 14. Kufika jioni, wakati wengi wamekwisha kulewa na wamesimama juu ya mabenchi, kwa mtu asiyekunywa ni kulipa nauli kubwa ili kutazama walevi.

Ikiwa moyo wako bado unakutuma huko, nenda Jumapili ya kwanza asubuhi na usimame barabarani. Siku hiyo hupita gwaride la mavazi ya jadi lililoanza mwaka 1835, katika kuadhimisha miaka 25 ya ndoa ya Ludwig na Therese, wakati huo wakiwa mfalme na malkia. Hupita maelfu ya watu waliotoka vijijini, kila kijiji na kofia zake, tarumbeta zake, bendera zake na farasi wake, na kutazama kutoka kando ya njia hakugharimu kitu. Kisha ingia sehemu inayoitwa Oide Wiesn, ambayo ina kiingilio kidogo. Huko kuna bembea na michezo ya zamani, ngoma za asili na familia nyingi zenye watoto. Ukitoka hapo saa nane mchana utakuwa umekwisha kuona kilicho bora.

Nimeshangaa kidogo kwamba hakuna rafiki yako aliyekukumbusha kuwa Eckernförde na Tanga ni miji rafiki kwa mkataba, na kwamba huko jina la Tanga si geni hata kidogo. Anza na mji huo. Sifa yake kubwa ni samaki wadogo wa moshi, wenye urefu wa kidole, ambao ukiwatazama kwa haraka utadhani ni dagaa walionenepa. Hutungwa kwenye vyuma vyembamba, huning'inizwa juu ya moshi wa kuni mpaka ngozi yao ya fedha igeuke rangi ya dhahabu, na wenyeji wana msemo wa kujigamba kwamba mji wao ndio uliogundua namna ya kugeuza fedha kuwa dhahabu. Huliwa mzima mzima, kichwa na mkia, kwa vidole. Jambo linalowaudhi ni kwamba duniani kote samaki hao huitwa kwa jina la mji jirani wa Kiel, kwa sababu, kama wanavyosimulia, masanduku yake yalipigwa mhuri wa stesheni ya Kiel yalipopakiwa kwenye treni. Muulize mzee yeyote bandarini habari hiyo, kisha utafute mahali pa kukaa, maana hataimaliza upesi.

Kuhusu mwezi wa kwenda, mimi ningechagua mwisho wa Julai hadi katikati ya Septemba. Mwanzoni mwa Agosti Eckernförde huwa na siku za maharamia, ambapo watu waliojivika kiharamia huuvamia mji kutoka baharini mbele ya umati. Si mila ya kale, lakini ni mji mzima unaojichekesha wenyewe, na hilo nalo ni jambo la kuona kwa watu wanaosifika kwa ukimya. Anayeweza kwenda mapema zaidi ataikuta Kieler Woche mwezi Juni, wiki ya mashindano ya mashua za tanga iliyoanza mwaka 1882.

Halafu, nauli ikiruhusu, waombe wenyeji wako mfunge safari ya kusini, mpite München bila kusimama na kwenda hadi milima ya Allgäu kutazama Viehscheid. Hii ndiyo sherehe ambayo kwangu inazishinda zote. Majira ya joto ng'ombe wa vijiji vingi hupelekwa malishoni juu milimani, wakachungwa pamoja kwa siku kama mia moja. Katikati ya Septemba, kila kijiji kwa siku yake, hushushwa bondeni. Kabla hujaona kitu utasikia kengele, kwanza kama mvumo wa mbali, kisha kishindo kinachoufanya mtu aache kuzungumza, kwa kuwa kila ng'ombe amefungwa kengele shingoni na nyingine ni kubwa kama ndoo. Mbele ya kundi hutangulia ng'ombe mmoja aliyevikwa taji refu la maua na matawi, lenye msalaba na kioo kidogo. Kioo, kwa imani ya wazee, ni cha kufukuza pepo wabaya. Lakini taji hilo huvaliwa pale tu ambapo majira yamepita salama. Kama mnyama alianguka gengeni, au mchungaji alipata msiba, kundi hushuka bila maua, na watu wote pembeni mwa njia huelewa bila kuambiwa. Bondeni wachungaji hutenganisha ng'ombe mmoja mmoja na kumrudishia kila mwenye mali wake, wakiwashika pembe na kubishana, na baada ya hapo ndipo muziki na chakula hufuata. Hapo hakuna kinachofanywa kwa ajili ya mtalii. Mtalii amevumiliwa tu, na asipokaa pembeni atakanyagwa.

Kuhusu chakula, soseji nyingi utakazoziona zina nyama ya nguruwe, hata zile zinazoonekana nyeupe na safi, kwa hiyo uliza bila aibu. Kaskazini utapata mkate wenye samaki ndani kila bandarini. Kusini omba tambi fupi za mayai zilizochanganywa na jibini na vitunguu, zinazoitwa Käsespätzle, au chapati za viazi zinazoliwa na mchuzi wa tufaha. Kwenye Oktoberfest yenyewe kuna samaki wa kuchoma kwa kijiti. Peremende laini nyingi hutengenezwa kwa jelatini ya nguruwe, na wengi husahau hilo.

Mila nyingine utazikuta mezani kwa wenyeji wako: kahawa na keki Jumapili alasiri, ambayo kwao ni ibada ndogo. Ukialikwa saa tisa, fika saa tisa. Usimtakie mtu heri ya siku ya kuzaliwa kabla siku haijafika, kwa maana kwao ni kumletea mkosi.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, Bwana asifiwe. Mimi ni mwalimu wa kwaya ya kanisa huko Muheza. Usharika rafiki wa Bavaria umetualika kuanzia mwanzoni mwa Novemba hadi baada ya Krismasi, na katika kundi letu kuna watoto. Tutakuta sherehe gani, na je, baridi itaturuhusu kutoka nje?

JIBU: Bwana asifiwe, mwalimu. Baridi itawaruhusu mkivaa nguo kwa tabaka na viatu visivyopitisha maji. Wajerumani wenyewe husherehekea nje gizani mwezi Desemba kana kwamba hawana nyumba.

Mwombeni usharika uwapangie tarehe 11 Novemba, siku ya Mtakatifu Martin, kwa ajili ya watoto. Jioni watoto hutembea wakiimba na taa za karatasi walizozitengeneza shuleni, na mara nyingi mbele yao hutangulia mpanda farasi mwenye joho jekundu, akiigiza yule askari wa Kirumi aliyelikata joho lake kwa upanga akampa ombaomba nusu. Watoto wenu washirikishwe kuzitengeneza taa hizo. Kuzibeba bila kuzitengeneza hakuna ladha.

Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio Walutheri wa huko huwakumbuka marehemu na kutembelea makaburi, kwa hiyo magulio mengi ya Krismasi husubiri ipite kwanza. Linalojulikana zaidi katika eneo lenu ni la Nürnberg, ambalo hufunguliwa Ijumaa kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio na kufungwa tarehe 24 Desemba. Hulifungua binti wa mjini anayechaguliwa kila baada ya miaka miwili, aliyevaa nguo ya dhahabu na taji, akisimama kwenye roshani ya kanisa na kusoma shairi la ufunguzi, huku uwanja mzima ukiwa kimya. Wapenda ukale watawaambia mwende Dresden, ambako gulio lilianza mwaka 1434. Ni kweli ni la kale zaidi, lakini safari ni ndefu na kwa wenye watoto sioni sababu.

Katika vibanda vya Nürnberg utauziwa mkate wa viungo uitwao Lebkuchen, na hapo nakuomba usimame kidogo, wewe mtu wa Muheza. Unuse kabla ya kuuma. Utakutana na karafuu, mdalasini na iliki, yaani mambo yaleyale yanayoanikwa kwenye majamvi kule kwenu Amani, yaliyokandwa pamoja na asali, lozi na karanga za miti ya kwao. Nürnberg ilikuwa njia panda ya wafanyabiashara wa viungo, na misitu iliyouzunguka mji ilikuwa na warina asali wengi. Mkate huo umezaliwa na vitu hivyo viwili. Mkiwapelekea wenyeji wenu viungo vya shambani kwenu, vikavu na vilivyofungwa vizuri, hamtakuwa mmewapelekea zawadi ya kuwekwa kabatini.

Kinywaji cha moto kinachonukia kila mahali ni divai, kwa hiyo watoto waagizieni kile kinachoitwa Kinderpunsch, ambacho ni maji ya matunda na viungo. Bei mtakayolipa itakuwa na dhamana ya kikombe ndani yake. Mkikirudisha mnarudishiwa fedha zenu.

Usiku wa kuamkia tarehe 6 Desemba watoto huweka viatu mlangoni ili Mtakatifu Nikolaus awatilie karanga na peremende. Mezani kila nyumba ina shada la matawi mabichi lenye mishumaa minne, mmoja ukiwashwa kila Jumapili ya Majilio. Desturi hii ilianzishwa Hamburg mwaka 1839 na mchungaji Johann Hinrich Wichern, aliyekuwa akilea watoto maskini, ambao kila siku walimuuliza kama Krismasi imefika. Na jueni mapema kwamba kwao kilele ni jioni ya tarehe 24, si tarehe 25. Maduka hufungwa mchana, barabara huwa tupu, kila familia hujifungia na mti wake na zawadi zake. Mgeni asiyejua hilo hujikuta peke yake hotelini akiwa na njaa.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa sanaa za maonesho hapa Bagamoyo. Nimesikia kwamba Wajerumani nao wana ngoma za vinyago. Je, ni kweli, na mgeni anaweza kuvaa kinyago na kucheza?

JIBU: Ni kweli, lakini inategemea uko mji gani, na kosa la kuchanganya miji ni kubwa. Vinyago vya mbao utavikuta kusini-magharibi, kwenye Msitu Mweusi na miji ya jirani, siku chache kabla ya Kwaresima. Huko Rottweil, Jumatatu inayotangulia Jumatano ya Majivu, saa mbili kamili asubuhi, wahusika hutoka kwenye lango la kale la mji mmoja baada ya mwingine, wakirukaruka, kengele zikilia mwilini mwao. Vinyago vingi ni vya kurithiwa katika ukoo, kila umbo lina jina na tabia yake, na chama husimamia nani avae na namna gani. Wewe unayesomea sanaa utaelewa kwa nini hawamkabidhi mpita njia. Hapo ni kutazama tu, na kufika kabla ya mapambazuko ili upate mahali karibu na lango, kwa sababu ukiwa mbali hutaona miguu, na ufundi wote uko miguuni.

Katika mji wa Köln mambo ni kinyume. Msimu wao hufunguliwa tarehe 11 Novemba saa tano na dakika 11 asubuhi, lakini fujo yenyewe huanza Alhamisi kabla ya Kwaresima, siku ya wanawake, ambapo mwanamume aliyetoka na tai shingoni hukatiwa kwa mkasi. Jumatatu hupita maandamano makubwa, yaliyopangwa kwa mara ya kwanza mwaka 1823, yenye magari ya vikaragosi vinavyowasuta wanasiasa, na peremende hurushwa kwa watazamaji. Mgeni anatarajiwa avae chochote kile; asiyevaa ndiye anayeonekana wa ajabu. Nakutahadharisha jambo moja: unaweza kumkuta mtu aliyejipaka masizi na kuvaa majani akidai ameigiza Mwafrika. Jambo hilo linapingwa sana Ujerumani kwenyewe, na wewe huna wajibu wa kulichekea.

Kama unataka maigizo hasa, weka nadhiri ya kuona mchezo wa Mateso ya Kristo katika kijiji cha Oberammergau. Wanakijiji waliahidi mwaka 1633, wakati wa tauni, kwamba wakinusurika watauigiza, na wakauigiza kwa mara ya kwanza mwaka 1634. Huchezwa kila baada ya miaka kumi. Ule wa 2020 ulisogezwa hadi 2022 kwa sababu ya korona, na unaofuata ni wa 2030. Ili kupata nafasi jukwaani lazima uwe umezaliwa hapo au umeishi hapo miaka 20. Sidhani kama kuna mahali pengine ambapo mtengeneza mikate na mwuguzi hufuga nywele na ndevu kwa zaidi ya mwaka kwa kuwa baraza la kijiji limeagiza hivyo.

SWALI: Mhariri, mimi ni mzee wa Chumbageni. Nyinyi mnawafundisha vijana kwenda kuwatazama Wajerumani wakicheza, wakati sisi tuliwaona hapahapa na alama zao zipo. Boma lipo, reli ipo, makaburi yao yapo. Kuna utamaduni gani zaidi ya huo?

JIBU: Shikamoo mzee wetu. Hoja yako ni nzito na hatutaipindisha. Tulichoachiwa hapa ni alama za dola: reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ili kuyafikia mashamba ya Usambara, maboma, na makaburi ya askari waliokufa katika vita vya Tanga vya Novemba 1914. Pangani walimnyonga Abushiri, aliyeongoza watu wa pwani kuwapinga, Desemba 1889. Vitu hivyo havimwelezi yule mchungaji wa ng'ombe wa Allgäu wala mama wa Eckernförde anayekausha samaki, lakini mchungaji na mama huyo hawavifuti pia.

Na watu wa kwetu wamewahi kufika kwenye maonesho ya Wajerumani kwa namna nyingine. Mwaka 1896, katika bustani ya Treptow mjini Berlin, watu zaidi ya 100 kutoka makoloni, wakiwemo wa Afrika Mashariki, waliwekwa hadharani ili wakazi wa Berlin wawatazame. Leo jumba la makumbusho la Treptow lina maonesho ya kudumu yanayowataja watu hao kwa majina na sura zao. Kijana wa Tanga atakayepita Berlin aende huko kabla ya kwenda penye muziki. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba msamaha Songea tarehe 1 Novemba 2023 kwa yaliyotendwa na Wajerumani wakati wa ukoloni, na mwenyeji yeyote wa Kijerumani anaweza kuulizwa juu ya hayo mezani. Wengine hawakufundishwa shuleni na watakuuliza wewe uwaeleze. Wazee kama wewe ndio wa kuwatayarisha vijana wetu kwa swali hilo, kwa kuwa vitabu vyao vingi vimelipita upesi.

SWALI: Viza inachukua muda gani, na nikiwa huko nisafiri kwa usafiri gani? Msomaji, Raskazone.

JIBU: Viza ya matembezi huruhusu siku zisizozidi 90 ndani ya siku 180. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasiletwe chini ya siku 15 kabla. Ada kwa mtu mzima ni euro 90, na lazima uwe na bima ya safari ya angalau euro 30,000. Mwenyeji anayekugharimia husaini hati ya dhamana katika ofisi ya wageni ya mji wake na kukutumia nakala halisi, na hiyo hati huwa na uzito kuliko barua ya mwaliko peke yake. Ubalozi uko Dar es Salaam, kwa hiyo weka akiba ya nauli ya kwenda zaidi ya mara moja.

Ukifika, ulizia tiketi ya mwezi iitwayo Deutschlandticket, iliyoanza Mei 2023 kwa euro 49 na ambayo bei yake imepanda tangu hapo. Inakubaliwa kwenye mabasi ya mjini na treni za mikoani nchi nzima, lakini si kwenye treni za mwendo kasi, na kwa kuwa ni ya kujiandikisha kila mwezi, usisahau kuifuta kabla tarehe ya mwisho ya kufuta haijapita.